Kibodi Haijui Kipemba

Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kitabu kilichoandaliwa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kutolewa na Mkuki na Nyota, si kipya. Nimekirudia kwa sababu ya mjadala ambao nadhani umeshatuchosha wengi: eti teknolojia itaua utamaduni, au itauokoa? Kila kongamano la fasihi swali ni hilo hilo. Mmoja atalia, mwingine atashangilia, kisha tutakwenda kula chakula cha mchana. Kamange na Sarahani wananipa swali jingine, dogo zaidi na gumu zaidi: chombo kipya kikilibeba shairi, kinabeba nini, na kinadondosha nini njiani?

Hawa wawili waliishi Pemba karne ya 19 na kuingia kidogo karne ya 20. Hawakuwa na redio wala rekoda. Mashairi ya zama zao yalipita midomoni na vichwani mwa watu, mengine kwenye karatasi za herufi za Kiarabu. Yamefikaje kwetu? Tumezoea kuambiwa kwamba vina na mizani ni urembo, na wapo wanaosema ni pingu. Mie naona ni ufundi wa kuhifadhi. Chukua kipande hiki, nimekitunga sasa hivi kwa ajili ya mfano: “Moyo ja dau majini.” Mizani nane. Ukilitoa hilo “ja” ukaweka “kama”, kwa sababu ndilo neno ulilozoea shuleni, mizani inakuwa tisa na sikio linashtuka. Msikilizaji wa zamani angejua papo hapo kwamba kuna mtu kalichokoa shairi.

Kulikuwa na ulinzi mwingine. Washairi wengi wa kale walitaja jina au lakabu yao katika beti za mwisho. Karatasi ikipotea, jina limo ndani ya shairi. Na juu ya yote kulikuwa na kujibizana. Kamange na Sarahani hawakutunga kila mtu kivyake. Walijibizana, na ndiyo maana majina yao yanatajwa pamoja hadi leo. Anayetaka kulijibu shairi lazima kwanza alishike vizuri. Jibu lenyewe lilikuwa kumbukumbu.

Sasa twende Gando, wilaya ya Wete, kaskazini ya Pemba, mkabala na kisiwa cha Fundo. Msidhani nataka kuwaambia habari za kijiji kinachoogopa mitambo. Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga mwaka 2010, kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na simu zimeingia kila nyumba. Nimo katika kundi la WhatsApp la watu wa huko, niliingizwa kwa ajili ya kazi yangu ya uandishi wa habari. Mtu anatunga akiwa Gando, ndugu yake aliyeko Muscat anajibu kwa sauti kabla chai haijapoa. Hapo nasema wazi: simu imefanya jambo ambalo kitabu hakikuweza. Imerudisha sauti, na imerudisha kujibizana.

Lakini fuateni safari ya shairi hilo likishatoka nje ya kundi. Siku moja lilirejea kwetu kutoka kundi jingine. Ubeti wa mwisho, wenye jina, umekatwa. “N’na” zote zimekuwa “nina”. Maneno mawili ya Kipemba yamebadilishwa, na juu yake pameandikwa kwamba ni shairi la kale, mtunzi hajulikani. Mtunzi yu hai, ni mvuvi, na jioni ile alikuwa humo humo kundini akisoma habari za kutojulikana kwake! Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Nani alifanya hivyo? Sehemu ni watu, wale wa kukopi na kupesti. Sehemu ni kibodi, inayosahihisha bila kuombwa. Kibodi haikujitungia sheria yake, kwani mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Vitabu vya shule vikafuata, magazeti yakafuata, leo programu za simu zinafuata. Kiswahili sanifu kimetufaa sana, nami naandika kwacho hapa. Tofauti ni kwamba mwalimu wa zamani alikusahihisha darasani tu; ukifika nyumbani unasema utakavyo. Huyu wa sasa yumo mfukoni, anakusahihisha hata unapomwandikia mama yako.

Kuna watakaosema kila chombo hukata, na hawajakosea. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri za wakati ule zilichukua kama dakika tatu kila upande. Wimbo wa taarab, ambao ungeweza kwenda kadiri wasikilizaji wanavyotaka, ukalazimika kuingia humo. Hata hivyo santuri ilibeba jina la Siti likasomeka, na sauti yake ikabaki na lafudhi yake. W. H. Whiteley naye alipochapisha utafiti wake wa lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, aliipoteza sauti, ila lahaja aliiweka mbele kabisa, ndiyo maana ya kazi yake. Kitabu cha Alawy na El-Maawy kina kasoro hiyo hiyo ya ukurasa: unayasoma majibizano lakini husikii baraza likiguna. Pamoja na hayo, majina mawili yako juu ya jalada. Kwa hiyo kukata si hoja. Hoja ni nini kinachokatwa, na nani anaulizwa kwanza.

Kisha imekuja akili mnemba. Niliiomba programu moja shairi la karafuu za Pemba. Ilinipa beti tatu safi kwa macho. Vina vilikuwapo, mizani ilipanda na kushuka, na Kiswahili kilikuwa cha tangazo la utalii. Hayo yatarekebishwa, sina shaka, mashine zinajifunza haraka. Kisichorekebishika kirahisi ni kwamba shairi lile halikuwa jibu la mtu yeyote. Anayetunga Gando anajua kesho atakutana na wenzake bandarini, na akisema uzushi ataulizwa. Mashine haina baraza la kurudi kesho.

Kwa hiyo nikiulizwa nafasi ya utamaduni na ubunifu katika zama hizi, siendi kwenye maneno makubwa. Nataka mambo matatu. Watunzi wa simu wairudishe desturi ya kutaja jina ndani ya shairi, na walifunge kwenye kina ili anayelikata aonekane. Kila shairi la lahaja litumwe maandishi pamoja na sauti, maana sauti kibodi haiwezi kuisahihisha. Na wanaotengeneza programu za Kiswahili waziingize lahaja humo. Maneno hayahitaji kubuniwa: Baraza la Kiswahili la Zanzibar limeshatoa kamusi ya lahaja ya Kipemba. Tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Ingefaa siku moja tusherehekee pia Kiswahili ambacho simu zetu hukipigia mstari mwekundu.

Yule mvuvi, kwa taarifa yenu, alijibu. Alituma beti nne kwa sauti yake, akimuuliza huyo asiyejulikana lini alikufa na nani alimzika. Hadi naandika haya, wamemjibu watu sita, wawili kutoka Muscat, na kila mmoja ametaja jina lake katika ubeti wa mwisho.