Mizani Mkononi mwa Anayepimwa



Mkulima wa Newala au Masasi apelekapo korosho zake ghalani, jicho lake haliondoki kwenye mizani. Kupunja vipimo ni dhambi tunayoijua sote. Lakini kipimo chaweza kupotosha hata kama mpimaji hakukusudia. Kwa jicho hilo hilo tutazame mizani nyingine.

Agosti 2023, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa taarifa kuhusu akili mnemba, yaani kompyuta zinazoandika na kujibu kama mtu, na kazi zinazoweza kuchukuliwa nayo. Kila kazi iligawanywa katika shughuli zake, na kila shughuli ikapewa alama. Makarani wakaonekana kuwa hatarini kuliko wote. Katika nchi tajiri, asilimia 5.5 ya ajira huenda zikachukuliwa. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 0.4 tu.

Taarifa hii ina sifa yake: haikuwatia watu hofu bure. Lakini ina kasoro mbili.

Kwanza, nani aliyetoa alama? Ni GPT-4, ambayo yenyewe ni akili mnemba! Je, ungekubali mnunuzi wa korosho zako ashike mizani peke yake? Karani wa chama cha msingi huandika na kuhesabu, ni kweli. Lakini ndiye pia amwelezaye bibi kizee, kwa Kimakonde, kwa nini korosho zake zimewekwa daraja la pili. Shughuli hiyo imo katika orodha gani?

Pili, asilimia 0.4 si dalili ya usalama. Ni ndogo kwa kuwa nafasi za ofisini katika nchi hizo ni chache. Tanzania imehesabiwa daraja moja juu tangu 2020, lakini hapa nako wengi wako shambani. Na nafasi hizo chache ndizo mzazi auziazo korosho ili binti yake asome azipate. Taarifa yenyewe yasema wanawake wamo hatarini zaidi ya mara mbili ya wanaume. Mizani hupima gunia lililojaa. Haipimi mche uliopandwa jana.

Tangu msimu wa 2024/2025, mnada wa korosho hupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mashine basi zimekwisha kufika. Wazazi na viongozi wa vyama vya msingi, msingoje hesabu ya Geneva. Kaeni na makarani wenu, andikeni kila wanalolifanya kutwa, kisha mwamue wenyewe lipi la kuachiwa mashine na lipi la kumfundisha mtoto.