Dagobert, Malbrough, La Palice: tunacheka nini hapo?

Leo niache kidogo siasa, niongee juu ya nyimbo tatu za mzaha. Ni za Kifaransa, na Kifaransa njo lugha tuliyosomea. Njo maana zimetufikia, zingine kupitia masomo, zingine kupitia misemo ambayo ma-prof wanatutupia ku auditoire. Zote zinataja watu waliokuwako kweli: mfalme mmoja, jenerali mmoja, marshali mmoja. Wengi tunajua majina yao. Lakini ukiuliza "kinachochekesha hapo ni nini?", watu wanaangaliana. Swali langu ni hili: maneno ya mtaa yakifia ndani ya wimbo, yule anayeimbwa anabaki na nini?

Tuanze na mfalme. Dagobert wa Kwanza alitawala Wafranki, akafa mwaka 639. Wimbo wake ulizaliwa karne ya 18, miaka zaidi ya 1,000 kisha kufa kwake. Unamuonyesha amevaa culotte kinyumenyume, na mtakatifu Éloi anamkosoa kwa adabu. Huyo Éloi naye alikuwako kweli: fundi wa dhahabu, mtunza hazina ya mfalme, mwishowe askofu wa Noyon.

Sasa angalia neno culotte. Kwetu mtu akilisikia anafikiria kaputula ya mtoto wa shule. Ku Ufaransa ya leo wanafikiria nguo ya ndani. Pande zote tunacheka, lakini kicheko haiko kile cha mwanzo. Wakati ule culotte ilikuwa suruali ya wakubwa, inayoishia magotini. Watu wa kazi mu Paris walivaa suruali ndefu, na wakati wa Mapinduzi ya 1789 wakaitwa sans-culottes, maana yake wasiovaa culotte. Rudia wimbo na maana hiyo mu kichwa: vazi la ukubwa limegeuka, na mtumishi njo anaona, bwana haoni. Hapo naona mzaha una meno. Lakini Dagobert wa kweli hakuvaa culotte hata siku moja. Alibebeshwa aibu ya wafalme waliokuja nyuma sana.

Wa pili ni Malbrough. Jina lake la kweli ni John Churchill, Duke wa Marlborough, jenerali wa Uingereza aliyewasumbua sana Wafaransa. Walipigana naye Malplaquet tarehe 11 Septemba 1709, na uvumi ukaenea kwamba amekufa. Wimbo ukamzika kwa heshima za kuchekesha. Kumbe yeye aliishi mpaka 1722! Jina lake Wafaransa walilivunja ili likae vizuri mu mdomo, na mu kibwagizo wakaweka neno mironton. Watu wanahangaika kulitafutia maana. Mimi nasema waache: hilo ni neno la kuchezesha ulimi, kama yale tunayotia mu nyimbo za michezo ya watoto.

Kuna pia ahadi ya kurudi: bwana atarudi siku ya Pasaka, ama siku ya Utatu. Kwa kalenda ya Kanisa, Utatu unakuja majuma nane kisha Pasaka. Mke anangoja, siku zinapita, anayefika ni mjumbe na habari ya kifo. Mu Kifaransa ahadi hiyo imekuwa msemo wa kitu kisichokuja. Mtu aliyengojea mshahara wa serikali hahitaji kuelezewa.

Muziki wake ulitembea kuliko jeshi lolote. Beaumarchais aliuweka mu mchezo wake wa Figaro mwaka 1784. Beethoven, mwaka 1813, aliutumia kama alama ya jeshi la Ufaransa. Na Waingereza wenyewe, ndugu za yule aliyechekwa, wanauimbaka na maneno mengine wakimpongeza mtu!

Wa tatu njo ananiuma roho. Jacques de La Palice alikuwa marshali wa Ufaransa, shujaa wa vita nyingi, akafia ku vita ya Pavia tarehe 24 Februari 1525. Leo jina lake linatajwa juu ya nini? Juu ya lapalissade, ile sentensi inayosema kitu ambacho kila mtu anajua, sawa na kusema kwamba robo saa mbele ya kufa mtu alikuwa angali hai. Sisi wenyewe tunaikataza mu TFE zetu.

Ilitokea namna gani? Kuna maelezo yanayosimuliwa sana. Wimbo wa kumuomboleza ulisema kwamba kama asingekufa, angeendelea kuonewa wivu. Wivu mu Kifaransa ni envie. Ukilitamka, linasikika sawasawa na en vie, yaani hai. Tena mu maandishi ya zamani herufi s ilifanana na f, kwa hiyo ferait ikasomwa serait. Basi sifa ya shujaa ikageuka: kama asingekufa, angekuwa hai. Karne ya 18 Bernard de La Monnoye akaushika huo mzaha, akatunga beti karibu 50 za namna hiyo. Kazi yake ni ya ufundi, sikatai. Lakini imemaliza mtu.

Kwangu mimi, wimbo wa Malbrough njo unashinda. Upuuzi wake ulikuwa upuuzi toka mwanzo, hauozi, na huzuni ya yule mke anayengoja inaeleweka bila kamusi. Wa Dagobert unahitaji mtu wa kukufungulia neno moja tu, kisha unauma tena. Wa La Palice unachekesha kabisa, lakini bila maelezo unasema uongo juu ya maiti.

Na sisi? Tuko na jina Bula Matari. Kwa Kikongo ni mvunja mawe, jina alilopewa Stanley, kisha likawa jina la serikali nzima ya wakoloni. Tuko na Indubili, lugha ya vijana wa Kinshasa ya miaka ya 1950, wale waliojiita Bill juu ya Buffalo Bill wa sinema. Ku Bukavu ilikaa juu ya Kiswahili, ikawa yetu. Vijana wa wakati ule leo wako na miaka 80 na kupita. Neno la mtaa linaficha mzaha ili mkubwa asielewe. Ni jambo zuri, lakini likikaa sana linamficha hata mjukuu.

Basi kila mmoja achague wimbo mmoja wa kuchekesha wakubwa, ule unaoimbwa kwenu. Akae na mzee mmoja, aandike kila neno gumu: lilimaanisha nini, mu mtaa gani, mwaka gani, lilimlenga nani. Ukurasa mmoja unatosha. Wafaransa walikuwa na vitabu na viwanda vya kuchapa, na bado walimpoteza La Palice. Sisi wengi wetu tuko na simu tu, na wazee hawatatungojea mpaka Utatu.