Kuirudishia Treni Uzito Wake

Kichwa cha treni cha daraja la 071, kilichoundwa Marekani na General Motors mwaka 1976 kwa ajili ya reli za Ireland, kina uzito wa tani 99. Kiunde upya kwa kipimo cha 1 kwa 76 na urefu wake utapungua mara 76, lakini uzito utapungua mara 76, kisha mara 76, kisha mara 76 tena: zaidi ya mara laki nne. Tani 99 zinabaki gramu 225 hivi. Umbo hutii kipimo, uzito haukitii, na uzito ukiondoka huondoka na tabia yote ya treni: ule uzito wa kuanza, ule ukaidi wa kusimama. Mafundi hupachika vipande vya risasi ndani ya modeli ili magurudumu yashike reli, ila hakuna risasi itakayofidia pengo hilo. Ndiyo maana naamini kwamba ustadi wa treni ndogo za Ireland haukamiliki rangi inapokauka. Hapo fundi amefika nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni kuirudishia treni, kwa akili na kwa vidole, kazi ambayo kipimo kimeipokonya; na kazi hiyo hairudi mpaka treni iendeshwe kama inavyoendeshwa treni ya kweli.

Ili kuona ugumu wake, inafaa kujua dizeli inavyovuta. Injini yenyewe haigusi magurudumu. Huzungusha jenereta, jenereta ikalisha mota za umeme zilizofungwa kwenye mihimili ya magurudumu. Dereva wa kichwa cha General Motors ana ngazi nane za nguvu mkononi mwake. Akipandisha ya kwanza, injini hunguruma huku treni ingali imesimama. Viungio vya mabehewa hukazika kimoja baada ya kingine, ndipo gurudumu linapokubali kusogea. Akishusha ngazi zote, injini hutulia lakini tani mia kadhaa zilizo nyuma yake bado zinamsukuma, naye alipaswa kuanza kufunga breki tangu zamani. Modeli isiyosanifiwa vizuri haijui lolote kati ya hayo. Umeme ukija inaruka, umeme ukikatika inaganda. Kwa hiyo fundi huweka gurudumu dogo zito la shaba kwenye mhimili wa mota, halafu huketi na chipu ya kielektroniki iliyo tumboni mwa modeli akipanga, tarakimu kwa tarakimu, muda wa kuanza kutembea, muda wa kupoteza mwendo na nguvu ya breki, na kuhakikisha mngurumo unatangulia mwendo. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 40 kwa saa inatakiwa itambae sentimita 15 tu kwa sekunde mezani. Modeli iliyopangwa hivyo humrudishia mwendeshaji jambo la thamani kubwa, nalo ni uwezekano wa kupitiliza stesheni.

Kwamba uendeshaji hufundisha jambo ambalo umbo peke yake haliwezi, ushahidi wangu mkuu ni daraja la 121. Mwaka 1961 shirika la uchukuzi la Ireland, CIÉ, lilipokea vichwa 15 vya aina hiyo kutoka kiwanda cha La Grange, Illinois. Kabla ya hapo lilikuwa limenunua vichwa 60 vya daraja la A kutoka Metropolitan-Vickers ya Uingereza, vyenye injini za Crossley zilizosumbua kiasi kwamba kuanzia 1968 ziling'olewa na kuwekwa za General Motors. Vichwa vya 121 vilitegemeka, ila vilikuja na umbo la Kimarekani: chumba kimoja cha dereva, upande mmoja. Upande mrefu wa injini ukitangulia, dereva huchungulia njia kwa taabu kando ya sanduku lililo mbele yake. Ukikitazama kichwa hicho kabatini utakiona kizuri, basi. Kiweke kazini na papo hapo swali linazuka: kikifika mwisho wa njia, kitarudije? Itabidi uwe na meza ya kugeuzia, na dakika za kugeuza uziweke kwenye ratiba, au ufunge vichwa viwili migongo ikitazamana kama reli zenyewe zilivyofanya baadaye. Hapo ndipo unapoelewa, bila kuelezwa na mtu, kwa nini oda ya mwaka uliofuata, vichwa 37 vya daraja la 141, ilitaka chumba cha dereva kila upande.

Mfano wa pili ni njia moja, maana sehemu kubwa ya reli za Ireland ni ya njia moja. Kwa miaka mingi dereva hakuruhusiwa kuingia kipande cha njia bila kukabidhiwa fimbo ya chuma kutoka mashine iliyo katika kibanda cha ishara. Mashine za vituo viwili zilifungamanishwa kwa umeme: fimbo moja ikishatoka, nyingine haitoki upande wowote mpaka ile irudishwe. Wako waundaji wanaofuata utaratibu huo mezani, kwa kengele na kwa fimbo ndogo, na treni ya viazisukari kutoka Wellingtonbridge kwenda kiwanda cha Mallow hulazimika kungoja ya abiria ipite. Mabehewa ya viazi hivyo yalikuwa ya aina yake, boksi la behewa kuukuu limebebeshwa juu ya jingine. Kiwanda cha Mallow kilifungwa mwaka 2006 na treni hizo zikakoma. Picha zimebaki nyingi. Lakini picha haiwezi kukuonyesha muda wa kungoja, wala namna msimu wa mavuno ulivyoibana ratiba ya wilaya nzima.

Wapo watakaosema dizeli haistahili juhudi hizi, kwamba mapenzi ya reli ni ya moshi na mvuke. Nchini Ireland hoja hiyo ni dhaifu. Ni nchi yenye makaa ya mawe haba, ambayo treni zake zilidhoofika vibaya kwa uhaba wa makaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ambayo ilifikia kujaribu kichwa kinachochoma mboji, kazi ya mhandisi Bulleid mwaka 1957. Reli nyembamba ya County Donegal ilikuwa na behewa la dizeli tangu 1931, na CIÉ iliuacha mvuke mwaka 1963. Dizeli ndiyo historia yao.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe. Upana wa njia nchini humo ni milimita 1600, mpana kuliko mita moja ya reli kongwe za Afrika Mashariki na hata 1435 za reli zetu mpya. Kwa kipimo cha 1 kwa 76 hiyo ni milimita 21, lakini modeli zinazouzwa tayari hutembea kwenye njia ya 16.5. Wanaolaza njia ya 21 hubadilisha kila mhimili na kujijengea kila makutano ya reli, nao husema anayenunua modeli ya kiwandani amenunua uongo wa milimita nne na nusu. Nawaheshimu sana, na pengo hilo ukitazama treni kwa mbele linaonekana wazi. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua, namweka mbele mwenye njia ya 16.5 anayengoja fimbo yake, anayejua treni yake ni nzito na anaanza kufunga breki mapema, kuliko mwenye 21 kamili anayezungusha treni mbio bila ratiba. Kosa la yule wa kwanza linapimika kwa rula, na siku akitaka anaweza kulirekebisha mhimili mmoja baada ya mwingine.