Muziki wa Sinema na Ugomvi wa Vijana Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wasomaji wetu wa Mwambao huenda wakastaajabu kumwona sheikh mzee, tena aliyeko huku Isongole, anashika kalamu kuandika juu ya watunzi wa muziki wa sinema. Mimi nilisoma Tanga, na imepita miaka mingi tangu Mwenyezi Mungu aliponijaalia kuja kufundisha watoto katika nchi hii ya baridi na ukungu, kwenye barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, jirani na mlima Rungwe. Huku watu wanalima viazi na migomba na chai. Wamoravian wamekuwako wilayani tangu mwaka 1891, na sisi Waislamu tu wachache. Watu wakiwa wachache, wawili wakigombana msikiti mzima unajua.

Na hilo ndilo lililotokea. Wako vijana wawili niliowafundisha mimi mwenyewe, mmoja anauza viazi, wa pili ni fundi wa pikipiki. Wote wawili wanapenda mno sinema za Kihindi, na zaidi ya waigizaji wanampenda yule anayetunga muziki wake, A. R. Rahman wa Madras. Jioni hukaa kwenye kinyozi wakishindana: huyu anasema hakuna kama muziki wa Roja wa mwaka 1992, uliokuwa wa kwanza kumpa jina, yule anasema la, ni Bombay wa 1995, au Lagaan wa 2001. Na wote wakifika kwenye ile qasida ya kumsifu Khawaja wa Ajmer, iliyomo katika Jodhaa Akbar ya mwaka 2008, hunyamaza kidogo. Wanajua ya kuwa Rahman alizaliwa Mhindu, jina lake Dileep Kumar, baba yake naye alikuwa mtu wa muziki wa sinema na alimwacha yatima mdogo; akasilimu pamoja na jamaa zake mwishoni mwa miaka ya 1980. Alipopata tuzo mbili za Oscar mwaka 2009 kwa kazi ya Slumdog Millionaire, vijana hawa wakati huo walikuwa watoto, lakini hata leo husema "Rahman wetu" kana kwamba ni mtu wa Tukuyu.

Kisha katika mwaka 2025 ikatangazwa kwamba Rahman, pamoja na Hans Zimmer wa Ujerumani, watatunga muziki wa sinema kubwa ya Ramayana, kisa kitukufu cha Wahindu, sehemu ya kwanza ikikusudiwa Diwali ya 2026 na ya pili Diwali ya 2027. Muuza viazi akasema, "Huyu amekwisha iuza dini yake." Fundi akasema, "Kazi ni kazi, tena ni fahari kwetu." Neno likavuta neno, hata yule wa kwanza akatamka kwamba Rahman ni mshirikina, na anayemtetea ni mwenzake. Ijumaa iliyofuata nikaona mmoja kasimama safu ya mbele na mwingine karibu na viatu, na baada ya salamu wakatoka bila ya kupeana mikono.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona kuwa jambo la muziki limekuwa jambo la dini. Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya kuwa neno la kumkufurisha mwenzio haliendi bure, lazima litamwangukia mmoja wa wawili. Basi hawa wanaangushiana neno zito namna hiyo kwa ajili ya mtu aliye ng'ambo ya bahari, asiyejua hata kama kuna mahali panapoitwa Isongole!

Nikawaita nyumbani. Nikawaambia kwanza ya kuwa wazee wao wa Pwani waliyapita haya zamani. Sinema ya Awara ilipokuja, iliyotengenezwa mwaka 1951, muziki wake wa Shankar na Jaikishan uliimbwa na mama zetu jikoni bila ya kujua maana ya neno hata moja. Mother India ya 1957 muziki wake ni wa Naushad. Waimbaji wetu wa taarabu walichukua mahadhi hayo wakayavika maneno ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana sana kwa hilo. Na iko sinema ya Baiju Bawra ya mwaka 1952, ndani yake umo wimbo wa ibada ya Kihindu unaopendwa na Wahindu mpaka leo. Mahadhi yake aliyatunga Naushad, maneno aliyaandika Shakeel Badayuni, na aliyeuimba ni Mohammed Rafi. Wote watatu ni Waislamu. Basi hili la Ramayana si jambo jipya, na sikumbuki kuwasikia wazee wetu wakiachana safu kwa sababu yake.

Yule muuza viazi akaniuliza, "Basi, Maalim, ni halali?" Nikamwambia asinitie haraka. Wanazuoni wetu wamekhitilafiana tangu zamani juu ya ala za muziki. Wengi wamezikataza, khasa za nyuzi na za kupuliza, na dufu wakaliruhusu arusini. Wako pia walioruhusu zaidi ya hapo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameliwekea jambo la kusikiliza mlango mzima katika Ihyaa yake, akaipima sauti kwa kile inachokiamsha moyoni mwa msikilizaji. Na kipimo hicho cha Ghazali ndicho nilichotaka vijana wakishike, kwani wao walikuwa wanampima mtunzi kwa jina lake na kwa kadi yake ya dini, na kazi yenyewe hawajaisikiliza.

Nikamwambia fundi atoe simu yake, atutafutie Al-Risala. Hapana nyumba ya Kiislamu ya Pwani isiyoijua sinema hii. Aliitengeneza Mustafa Akkad, mzaliwa wa Halab, mwaka 1976, mara mbili: kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Muziki wake aliutunga Maurice Jarre, Mfaransa asiye Mwislamu, yule aliyetunga wa Lawrence of Arabia. Na kwa kazi hiyo ya Al-Risala alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Kwanza nikamwambia aizime sauti. Tukawatazama wale wapanda farasi watatu wa mwanzo, wapelekao barua za Mtume kwa Hirqal, kwa Muqawqis na kwa Kisra. Bila ya sauti ni watu watatu tu wanakimbiza farasi jangwani. Kisha tukaifungua. Vijana wakacheka wenyewe kwa kuona tofauti, kwani watu wale wale watatu sasa wamebeba khabari itakayobadilisha dunia. Kazi hiyo yote imefanywa na muziki, na macho yetu hayajaona kitu zaidi.

Hii ndiyo kazi ya muziki wa sinema, na yafaa tuijue. Mwenye sinema humkabidhi mtunzi picha zilizokwisha pangwa, naye huamua sauti iingie wapi na itoke wapi. Humpa mtu mwema mahadhi yake na adui yake, na akiyarudia mara tatu au nne, ya tano wewe unalia kabla hujaona la kuliza. Jicho lina kope, ukitaka utalifumba. Sikio halina kope. Sauti huingia bila ya kubisha hodi.

Kisha nikawauliza, "Mtume mwenyewe katika sinema hii yuko wapi?" Wakasema haonekani wala sauti yake haisikiki, na hivyo ndivyo adabu. Ni kweli, na Akkad anastahiki shukrani kwa hilo. Waigizaji husema naye kwa kuielekea kamera. Lakini nikawaambia wasikilize vizuri. Kila anapokuwapo Mtume, au anapokaribia, inaingia sauti nyororo ya kinanda. Fundi akashtuka. Akasema, "Maalim, hiki si kama kile cha kanisani?" Mtoto aliyezaliwa Rungwe hahitaji kufundishwa sauti ya kinanda na tarumbeta za Wamoravian, amezisikia kila Jumapili ya maisha yake. Mimi nimeitazama sinema hiyo tangu enzi ya kanda za video, wala sikupata kulitambua jambo hilo waziwazi mpaka siku ile aliponiambia mwanafunzi wangu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Jarre ni fundi mkubwa, na pale kwenye wapanda farasi muziki wake umefanya kazi iliyo haki yake. Lakini palipo na Mtume (S.A.W.) ulipewa kazi isiyo yake. Walikwepa kumchora kwa rangi, wakamchora kwa sauti. Msikilizaji anafundishwa kwamba kuwapo kwa Mtume ni hali fulani ya utamu masikioni, na mtoto akikua na utamu huo huenda akautafuta utamu akamwacha Mtume. Linganisha na pale Bilali anapoadhini. Ni koo la mwanadamu peke yake, bila ya ala ya kumsindikiza. Hapo ndipo sinema nzima inaposimama juu, na hapo ndipo mtunzi alipopewa mshahara wa kunyamaza.

Nikawakumbusha tena lile la mwaka 2015, Rahman alipotunga muziki wa sinema ya Majid Majidi wa Iran juu ya utoto wa Mtume. Raza Academy ya Mumbai ilitoa fatwa juu yake na juu ya Majidi. Rahman akajibu kwa adabu kwamba yeye hakuitengeneza sinema, ametunga muziki tu, na kwa nia njema. Akasema aliogopa kuulizwa Siku ya Kiyama kwa nini kipaji alichopewa hakukitumia kwa ajili ya Mtume. Jibu hilo ni la mtu mwenye khofu ya Mola wake, na mimi sina ruhusa ya kupasua kifua chake. Lakini nia njema ni baina ya mja na Mola wake, na sinema imebaki kwetu sisi watazamaji. Sinema hiyo inamwonyesha mtoto kwa mgongo, uso umefichwa, na muziki juu yake. Kwa kipimo changu imekwenda mbali kuliko Al-Risala, kwani imelipa na jicho kile Akkad alichokuwa amelinyima.

Sasa waone vijana jinsi mambo yalivyopinduka. Alipotunga kwa ajili ya Mtume alipewa fatwa; anapotunga Ramayana anaitwa mshirikina; anapotunga nyimbo za mapenzi ya mchana kutwa na usiku kucha, hakuna anayegombana, wote tunacheza! Na hizo ndizo zinazoingia masikioni mwa watoto wetu kila siku.

Juu ya Ramayana yenyewe, ningekuwa mimi ndiye niliyeombwa, nisingeipokea kazi hiyo, kwani sitaki mkono wangu uwe chombo cha kuwatia watu unyenyekevu mbele ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Huo ni msimamo wangu na ninaufundisha. Lakini kutoka kwenye "mimi nisingefanya" mpaka kwenye "yeye si Mwislamu" ni safari ndefu, na aliye njiani humo aangalie asipoteze dini yake mwenyewe kwa kuihesabu ya mwenzake. Na sinema hiyo itakapotoka, anayetaka kuisema aisikilize kwanza muziki umewekwa wapi na unaamsha nini. Kusifu au kulaani kazi kabla ya kuisikia ni kutoa ushahidi juu ya usichokiona.

Ninyi wazazi wa Mwambao mnaosoma haya, fanyeni jaribio dogo nyumbani. Mkitazama sinema na watoto, punguzeni sauti mahali pamoja, kisha muwaulize wanahisi nini. Mfungue tena, muwaulize. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatachukuliwa moyo wake kwa urahisi, si na sinema, wala na msemaji wa jukwaani, wala na sheikh mwenye sauti nzuri.

Vijana wangu wamerudi kusimama bega kwa bega. Ubishi haujaisha, juzi nimewasikia kwa kinyozi wakigombania Bombay na Lagaan mpaka mwenye wembe akawafukuza. Lakini walitoka pamoja.

Mwenyezi Mungu ayalinde masikio yetu na ndimi zetu, na atuunganishe nyoyo. Amin.