Mkokoteni Ambao Mtoto Hakuupanda

Kitabu cha The Flame Trees of Thika kinaanzia njiani. Mama na bintiye wamepanda mkokoteni wa maksai uliosheheni mizigo. Nairobi iko nyuma yao, na mbele liko shamba ambalo bado ni pori. Mwandishi wake, Elspeth Huxley, anasimulia kwa nafsi ya kwanza, kama mtu aliyerushwarushwa na kila shimo la njia ile. Lakini hakuwamo. Wazazi wake walikuja mwaka 1912 kuanzisha shamba la kahawa. Yeye aliachwa Uingereza, akawafuata Desemba 1913 akiwa na miaka sita, mwaka uleule tawi la reli lilipofika Thika.

Anayetaka kuwa mtafiti wa historia ya kwao Ruiru au Thika, na papo hapo awe mtunzi wa hadithi, ana swali moja gumu: nitazichanganyaje kazi hizi mbili bila kumdanganya msomaji? Njia mojawapo ya kujibu ni kufumua mshono wa fundi aliyetangulia na kutazama sindano ilipopita.

Sindano ya Huxley ilipita kwanza kwenye majina. Wazazi wake, Jos na Nellie Grant, wakawa Robin na Tilly. Kisha ikapita kwenye kumbukumbu. Kitabu kilitoka mwaka 1959, yeye akiwa mtu wa miaka hamsini na ushei, ilhali kimejaa mazungumzo marefu ya watu wazima na mapenzi ya siri ya majirani. Mtoto wa miaka sita hawezi kubeba maneno hayo yote kichwani kwa miaka arobaini na tano. Yametungwa. Hata hivyo, jalada linaahidi kumbukumbu za utotoni, na wengi wamekisoma hivyo.

Mshono wa tatu ndio wenye uzito zaidi: umri wa msimulizi. Mtoto huona baba amepata ekari 500. Haulizi ardhi ya Wakikuyu iligeukaje kuwa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka uleule kitabu kilipotoka, 1959, wafungwa kumi na mmoja wa Mau Mau waliuawa kambini Hola, na Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa haijaondolewa. Sauti ya mtoto ni tamu, na utamu huo ni pazia pia.

Huxley hakushindwa kulifungua pazia hilo. Miaka ya thelathini alihudhuria masomo ya mwanaanthropolojia Malinowski jijini London, na darasani alikuwamo Jomo Kenyatta wa Gatundu, jirani kabisa na Thika. Kenyatta akatoa Facing Mount Kenya, kuhusu Wakikuyu, mwaka 1938. Huxley akatoa riwaya ya Red Strangers mwaka 1939, inayotazama ujio wa wazungu kutoka uani kwa Mkikuyu. Mwalimu mmoja, jamii moja, mwaka mmoja kati yao: Kenyatta kaandika utafiti, Huxley kaandika hadithi.

Basi gawa ukurasa wa daftari safu tatu: kilichoandikwa, kinachosimuliwa, nilichotunga. Safu ya kwanza utaijaza kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue jijini Nairobi, katika ripoti za maafisa wa wilaya. Kumbuka waliandika kwa ajili ya wakubwa wao, kwa hiyo soma na walichokinyamazia. Safu ya pili iko kwa wazee. Usimuulize mzee "mwaka gani?" Muulize, "Guka (babu), ulitahiriwa na riika (rika) gani?" Muulize kama mama yake alizaliwa kabla au baada ya Ng'aragu ya Ruraya, ile njaa ya mwisho wa karne ya 19. Mwaka utautafuta mwenyewe baadaye.

Chukua Mugumo, ule mkuyu wa Thika. Husimuliwa kuwa nabii wa Kikuyu, Mugo wa Kibiru, alitabiri mti ule ungeanguka siku za mkoloni zitakapokwisha, kwamba Waingereza waliuzungushia chuma usianguke, na kwamba ulianguka Uhuru ulipowadia. Yote hayo yaweke safu ya pili. Mtafiti atatafuta tarehe ya kuanguka. Mtunzi atauliza swali jingine: watu waliopita chini ya mti ule kila asubuhi wakienda kuchuma kahawa ya mwingine, walikuwa wakiukagua kwa jicho gani?

Safu ya tatu ndiyo yako, na ni halali, mradi unajua inapoanzia. Hapo turudi kwenye mkokoteni. Huxley alijipachika kwenye kiti ambacho hakukikalia. Lakini mkokoteni wa maksai haujiendeshi: kila uliopita njia ile ya Thika ulikuwa na mtu wa kuwaswaga wanyama, aliyejua kivuko kipi kimefurika na mlima upi utawachosha. Huyo alikuwamo kweli. Jioni alifungua nira, akala, akalala mahali fulani. Ukimkosa katika safu ya kwanza na ya pili, una ruhusa ya kumtunga, na una deni la kumtunga vizuri.