Hatoki Mtu, Hata Sisi

Usiku wa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza, goti la mtu mgongoni, jasho la mwingine begani. Ilikuwa Ramadhani, watu wameshafuturu, kahawa inazunguka. Timu zetu mbili zilikuwa ugenini kwa marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika: Simba Cairo kwa Al Ahly, Yanga Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Mimi ni wa Msimbazi kwa kurithi, kwa hiyo sikwenda pale kuiombea Yanga dua. Lakini Stephane Aziz Ki alipoachia lile shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini na kurudi uwanjani, nilijikuta nimesimama na wenzangu wote. Umevuka mstari, haujavuka? Waamuzi wakasema haujavuka. Mechi ikaisha bila bao, kama ile ya Dar es Salaam, ikaja mikwaju ya penalti, na Yanga wakatolewa kwa 3-2. Simba nao walikuwa wamelala 1-0 nyumbani, na Cairo wakalala tena 2-0.

Kesho yake, kuanzia kwa muuza magazeti hadi ndani ya daladala, nilisikia maneno yaleyale mawili: kufa kiume. Nikajiuliza, hivi haya maneno tumeyatumia mara ngapi?

Blogu hii ni ya fasihi, najua. Basi tuyasome maneno ya mpira kama tunavyosoma shairi, maana wenye kuyatunga wana hadhira kubwa kuliko mshairi yeyote unayemjua. Ninayo mawili ya kuhakiki: moja la kufungulia hatua ya mtoano, jingine la kufungia.

La kufungulia ni "Kwa Mkapa hatoki mtu." Kama fani, bwana, ni kazi safi. Hesabu mizani: kwa-m-ka-pa, ha-to-ki-m-tu. Ni tisa, moja zaidi ya kipande cha kawaida cha shairi letu la kimapokeo, lakini shabiki akiipaza anaimeza ile m ya Mkapa na kipande kinakaa sawa. Halafu kuna ule mpangilio. Mtunzi hakusema "mtu hatoki". Ametanguliza kitenzi, mtu akabaki mwisho kama mfungwa aliyesukumiwa ndani, mlango ukafungwa nyuma yake. Na "Kwa Mkapa" si "Uwanja wa Benjamin Mkapa". Ni nyumbani kwa mtu, mahali penye mwenyewe. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2007, ukapewa jina hilo mwaka 2020 baada ya Rais huyo mstaafu kufariki, na haikuchukua muda maneno manne yakaugeuza kuwa ngome. Hiyo ni kazi ya lugha.

Maudhui yake pia yana ukoo. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, na kauli hii ni mjukuu wa methali hiyo. Tena kwa miaka kadhaa ilisema kweli. Mwaka 2021 Kaizer Chiefs walipigwa 3-0 pale. Mwaka 2022 Orlando Pirates wakaacha 1-0. Mwaka 2023 Wydad, waliokuwa mabingwa watetezi, nao wakaacha 1-0.

Sasa fungua ukurasa wa pili wa hadithi hizohizo. Kaizer Chiefs walikuwa wameshashinda 4-0 kwao. Orlando Pirates walirudisha 1-0 kwao, wakashinda kwa penalti. Wydad vilevile: 1-0 kwao, penalti, kwaheri. Mara tatu mgeni alitoka kwa Mkapa amefungwa, na mara tatu ndiye aliyesonga mbele. Kauli haikudanganya. Ilisimulia nusu ya kitabu na kutufanya tuamini tumekimaliza.

Hapo ndipo ugomvi wangu na watunzi wetu unapoanza. Mtoano wa mikondo miwili ni masimulizi yenye umbo lake. Msuko unafungwa mahali pamoja na kufumuliwa pengine, mbele ya hadhira nyingine. Bao la ugenini, katika miaka ambayo kanuni ililipa uzito, lilikuwa kama neno linalotamkwa sura ya kwanza na kuua mtu sura ya mwisho. Waulize Yanga. Fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 walifungwa 2-1 na USM Alger hapohapo kwa Mkapa. Wakapanda ndege, wakaenda Algiers, wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini. Klabu ya Tanzania ilishinda mechi ya fainali ya Afrika kwenye uwanja wa mwenyeji, mbele ya umma wake, na leo ukimwomba mtu akusimulie fainali ile, tisa kati ya kumi ya maneno yake yatakuwa ya Dar.

Na hapa ile kauli inageuka na kutuuma wenyewe. Hatoki mtu, sawa. Lakini na sisi si watu? Ukiisoma pole pole, maana yake ya pili ni kwamba hata mwenyeji hatoki. Amebaki kwa Mkapa na vuvuzela lake, wakati nusu fainali iko ng'ambo.

La kufungia sasa: kufa kiume. Hili sina hata la kulisifia. Lina kazi moja, kufunika. Ukishasema tumekufa kiume hakuna tena swali la nani alimwacha nani dakika ya ngapi, au kwa nini kocha alisubiri. Maiti iliyokufa kiume haifanyiwi uchunguzi, inazikwa kwa nderemo. Isitoshe, mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake kule Morocco na kumaliza wa nne. Nao walikufa kiume? Usemi ukishindwa kuwabeba wachezaji wako wenyewe, ujue umechakaa.

Mtu ataniambia, wee, hizi ni kelele za kuuza tiketi, unazibebesha mzigo wa utenzi. Ningekubali kama nisingemjua baba yangu.

Baba alikuwa uwanjani mwaka 1979 Simba walipochapwa 4-0 na Mufulira Wanderers wa Zambia, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye uwanja wa zamani ambao leo ni jirani wa kwa Mkapa. Alirudi nyumbani kwa miguu. Siku ya marudiano hakuwasha redio. Ya nini? Hadithi imeshakwisha, imeishia nyumbani. Simba wakaenda Zambia wakashinda 5-0 na kusonga mbele. Baba alizipata habari kazini siku ya pili, akadhani anataniwa.

Hadi leo mabao manne ya Mufulira anakusimulia moja moja, nani alipoteza mpira, kipa aliangukia upande gani. Yale matano anayajua kwa idadi tu. Nimewahi kumbana: baba, la kwanza lilifungwaje? Akanitazama, akasema, "Matano, mwanangu. Yalikuwa matano." Mechi kubwa kuliko zote za maisha yake ya ushabiki, na hana hata picha moja kichwani, kwa sababu aliamini kwamba kwetu ndipo hadithi inapomalizikia.

Inashangaza zaidi kwa lugha hii. Ni Kiswahili kilichoipa dunia neno safari. Mwaka 1901 kilikuwa tayari kimechapishwa kitabu kizima, Safari za Wasuaheli, cha watu wa pwani waliokwenda mbali na kurudi kusimulia. Na mpira wetu umejaa safari za kusimulia: mwaka 2003 Simba walikwenda Cairo na bao moja mfukoni, wakafungwa 1-0, wakawatoa Zamalek, mabingwa watetezi, kwa penalti. Kauli mbiu ya safari ile iko wapi? Miaka kumi kabla yake, fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, walikuwa wametoka 0-0 Abidjan na Stella, kisha wakafungwa 2-0 nyumbani. Ugenini walisimama, wakaanguka mlangoni kwao.

Mfano wa karibuni ndio unaoniuma zaidi. Aprili 2025, Kombe la Shirikisho, Simba waliwatoa Al Masry kwa penalti kwa Mkapa na mji haukulala. Nusu fainali wakawafunga Stellenbosch 1-0 Zanzibar, kisha wakaenda Durban kwa marudiano na kutoka 0-0. Ile sare ndiyo iliyowapeleka fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Dakika tisini za mabeki kurudi, kuziba, kupiga mpira mbele, kurudi tena. Sijasikia mtu akiiimba. Fainali yenyewe walipoteza, 2-0 kwa RS Berkane kule Morocco na 1-1 Zanzibar, na lile neno la kufungia likarudi kazini kwake.

Mechi ya Durban nilimtazamisha baba. Kila mara alitaka kuinuka kwenda kulala, nikamzuia mpaka filimbi. Juzi nimemuuliza anakumbuka nini. Akaanza na beki mmoja aliyeteleza kipindi cha pili akaamka na kuuwahi mpira. Akaeleza mguu gani. Akaeleza mvutano uliofuata. Aliongea kama robo saa hivi, kuhusu mechi isiyo na bao hata moja.

Kwa hiyo watunzi wa kauli mbiu, msimu ujao kwa Mkapa mwachieni Mkapa. Tutungieni ya ugenini.