Tarumbeta Lipo Jukwaani, Kinanda Ndicho Kinachopuliza

Mliokuwepo Jumamosi pale Wazo, ukumbi ule wa njia ya kiwanda cha saruji, mlisikia. Mwimbaji kamaliza ubeti wa pili wa wimbo wa enzi za bendi ya NUTA, tumba zikatua, watu wakageuza shingo upande wa tarumbeta. Ni mizunguko minane tu, lakini tunaijua hata usingizini. Kiongozi wa bendi akanyoosha kidole kwa mpiga kinanda.

Niseme mapema nisionekane nazunguka mbuyu: lile lilikuwa kosa, na halina utetezi. Tarumbeta halikuachwa nyumbani. Lilikuwa jukwaani, limelala mapajani mwa mzee, mpulizaji mwenyewe, lilishapata moto tangu wimbo wa kwanza. Mzee akatazama vidole vya yule kijana wa kinanda vikimpigia sehemu yake. Kisha akabonyeza kile kitufe cha kutolea mate, akalitikisa tarumbeta. Halikutoa hata tone.

Sababu naijua, maana sikio halidanganyiki. Wimbo ulishushwa nusu sauti, kutoka F kwenda E, kumpunguzia mwimbaji mlima. Kwa magitaa E ni sherehe, nyuzi zinalia zenyewe. Kwa kinanda ni kubonyeza kitufe. Tarumbeta letu la B flati, ambalo huandikiwa sauti nzima juu ya wenzake, ndilo linaloumia: F ya magitaa kwake ni G, shapu moja, E ya magitaa kwake ni F shapu, yaani shapu sita. Hapo vidole vinajikwaa na vali za pili na tatu hazipumziki. Kiongozi akaogopa mzee atakwama.

Sasa, bwana kiongozi, ungeshusha nusu nyingine! E flati ingempa mzee F, flati moja tu, mwimbaji angezidi kustarehe, na wapiga magitaa wangelegeza nyuzi kabla ya onyesho, kazi ya dakika tano. Ukiona hiyo nzito, ungempa mzee mazoezi ya siku mbili kwenye shapu zake sita. Kumnyamazisha ndiyo njia ya mwisho, na wewe umeanza nayo.

Tena angalia kilichoharibika. Mpuliza tarumbeta akimaliza mzunguko wa nne lazima avute pumzi, na kwenye pengo hilo ndipo gitaa la solo huchomeka jibu. Kinanda hakina mapafu. Kilipita moja kwa moja hadi wa nane, mpiga solo akatafuta mlango asiuone, akaingia hivyo hivyo, wakagongana. Chemko, ile sehemu ya kuchezea, ikaanza ikichechemea, na wachezaji wawili watatu wakarudi kwenye viti vyao.

Nimeshaandika habari hii ya kinanda kuchukua nafasi ya tarumbeta, na wapo waliochoka nayo. Vijana Jazz walipoingiza kinanda na dramu za umeme mwishoni mwa miaka ya 80, walijua wanatafuta nini. Waliowaiga ndio waliona tu kwamba kinanda hakiombi nauli wala hakihitaji kiti kwenye gari la vyombo.

Mkumbukeni Joseph Lusungu, mpuliza tarumbeta wa NUTA. Kule Redio Tanzania (RTD), Barabara ya Pugu, bendi nzima ilirekodi kwa mkupuo mmoja. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Mpuliza tarumbeta wa namna hiyo hakuwa na kitufe cha kumwokoa. Baada yake Roman Mng'ande, Romario, amelishika tarumbeta kwenye Msondo, bendi iliyotokana na NUTA hiyo hiyo, na sijaona mtu akimwambia alilaze mapajani.

Hata huko Marekani, muziki wa swing ulikotoka, Harry Edison, yule waliyempa jina la Sweets, alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya Count Basie kuanzia miaka ya 30 hadi bendi ilipovunjika mwaka 1950. Akaingia studio za Los Angeles, akawa anapuliza nyuma ya Frank Sinatra akiwa ameziba mdomo wa tarumbeta kwa kizibo. Sikilizeni *Songs for Swingin' Lovers!* ya mwaka 1956. Sinatra anamaliza mstari, Edison anatia noti moja, pengine anairudia hiyo hiyo mara tatu, halafu kimya. Noti alikuwa nazo tele, na alijua ni zipi za kubaki nazo mfukoni.

Mpiga kinanda wa Wazo simlaumu, alipiga alichoagizwa na hakukosea noti hata moja. Mzee wa tarumbeta alilirudisha kwenye kasha kabla chemko haijaisha, akafunga vibanio vyote viwili taratibu, akaagiza soda.